Gakaara wa Wanjau: Mfungwa wa Manda Aliyejenga Upya Maisha Yake kwa Kalamu

Ukisimama ufuoni Shela wakati wa alasiri, ng'ambo ya mkondo utakiona kisiwa cha Manda, kimelala kimya na mikoko yake. Wenyeji wa Lamu wanakijua vyema kisiwa hicho. Huko ndiko uliko mji mkongwe wa Takwa, na msikiti wake wenye mnara juu ya kibla, mji uliohamwa karne ya 17. Wazee wa Shela hawajausahau. Huvuka kwenda kuzuru kaburi la mnara na kumwomba Mola awateremshie mvua.

Lakini Manda ina hadithi nyingine ambayo sisi watu wa pwani hatuisimulii mara kwa mara. Katika miaka ya 1950 Serikali ya Mkoloni ilikifanya kisiwa hicho kuwa gereza. Waliletwa huko watu wa bara, waliotolewa kwenye baridi ya Mlima Kenya wakatiwa katika joto, mbu na maji ya chumvi. Miongoni mwao alikuwa kijana mmoja wa Nyeri ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kalamu. Jina lake Gakaara wa Wanjau. Leo ningependa tumjue, kwani sehemu kubwa ya maisha yake ilipita mlangoni petu, na wengi wetu hata jina lake hatujalisikia.

KUZALIWA NA MASOMO

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 huko Mathira, wilaya ya Nyeri, karibu na kilima cha Tumutumu. Hapo Wamisheni wa Kanisa la Scotland walikuwa wamejenga kanisa, skuli na hospitali. Baba yake, Johana Wanjau, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuipokea dini hiyo ya kigeni, na baadaye akawa kasisi. Kwa hiyo mtoto alikulia katika nyumba ya vitabu. Hapana shaka sauti za mwanzo alizozizoea zilikuwa za Biblia na nyimbo za kanisani, kama vile mtoto wa pwani anavyozoea sauti za chuoni kabla hajajua maana ya anayoyasoma.

Alisoma Tumutumu, kisha akapata nafasi katika skuli ya Alliance, ambayo siku hizo ilikuwa ndiyo kilele cha elimu ya Mwafrika katika Kenya. Lakini elimu hiyo hakuimaliza. Mwaka 1940 wanafunzi waligoma, na Gakaara akawa mmoja wa waliofukuzwa. Umri wake ulikuwa miaka 19. Kwa kijana wa zama zile, mtoto wa kasisi, kufukuzwa Alliance kulikuwa sawa na kuanguka mnazini akiwa amekwisha kulishika dafu.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto. Gakaara akajiandikisha jeshini, akafanywa karani, na kazi hiyo ikamfikisha hadi Uhabeshi. Maelfu ya Waafrika waliokwenda vitani wakati ule waliona mambo ambayo hawakutarajia kuyaona. Waliona Mzungu akishindwa, akiogopa, akifa kama watu wengine. Waliporudi kwao walikuta ardhi iko mikononi mwa wageni, na kipande bado kinaning'inia shingoni.

KIJANA WA VITABU

Baada ya jeshi Gakaara alikaa Nakuru akifanya kazi ya ukarani. Lakini moyo wake haukuwa katika majalada ya ofisi. Mwaka 1946 yeye na wenzake waliunda chama cha waandishi wa Kiafrika, wakaanza kupigisha chapa vitabu vyao wenyewe. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka huo huo kwa lugha ya Kikuyu, nacho ni Uhoro wa Ugurani, yaani habari za kuoana. Ni hadithi ya vijana na ndoa, na mambo yanayowasumbua vijana wanaotaka kujenga nyumba. Siku hizo takriban kila kitabu kilichochapishwa kwa Kikuyu kilikuwa cha kanisa au cha skuli. Kwa hivyo kijana huyu alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuwapa watu wake hadithi za kusoma kwa raha zao, zinazozungumzia maisha wanayoyajua.

Hapa kuna jambo ambalo linatugusa sisi wenye Kiswahili. Mwaka 1948 Gakaara alitoa kijitabu cha siasa, na kijitabu hicho hakukiandika kwa Kikuyu. Alikiandika kwa Kiswahili, akakiita Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Ndani yake aliwahimiza Waafrika waache kujidharau, washikamane, wafanye kazi na wadai heshima yao katika nchi yao. Alipotaka kuzungumza na Waafrika wote bila ya kubagua kabila, aliona kuwa lugha ya kufanyia kazi hiyo ni hii yetu. Kijana huyo alizaliwa mbali na bahari, wala hakuna aliyemlazimisha.

Ilipofika mwaka 1952 kalamu yake ilikuwa imenolewa. Alikuwa akitoa gazeti na vijitabu, akachapisha nyimbo za kisiasa, na akatunga Imani ya Gikuyu na Mumbi. Maandishi hayo aliyapanga kwa mfano wa Imani inayosomwa kanisani, lakini ndani yake aliitia nchi, asili ya Wakikuyu na viongozi wao. Mtoto wa kasisi alikuwa ameichukua sauti ya nyumbani kwa baba yake akaifanya silaha. Wakubwa wa serikali waliosoma maandishi hayo hawakuhitaji mtu wa kuwafasiria hatari yake.

USIKU WA OKTOBA

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Usiku ule ule polisi na askari walizagaa kuwakamata watu ambao majina yao yalikuwa yamekwisha andikwa. Jomo Kenyatta alichukuliwa, na viongozi wengine wa chama cha KAU. Gakaara naye alikuwa katika orodha. Hakuwa amekamatwa na bunduki wala panga. Alikuwa mtu wa miaka 31, mwenye mke na watoto, na biashara changa ya vitabu iliyokuwa ndiyo kwanza inasimama. Magazeti ya Kikuyu yakapigwa marufuku, na yote aliyoyajenga kwa miaka sita yakamporomokea kwa usiku mmoja.

Huko nyuma Nyeri nako mambo yaliharibika. Misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ikawa uwanja wa vita. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wakikuyu na jirani zao walilazimishwa kuhama mashamba yao, wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Nyumba walizoziacha zikachomwa. Dedan Kimathi, aliyekuwa mtu wa Nyeri kama Gakaara, alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957. Kwa jumla watu 1,090 walinyongwa na Serikali ya Mkoloni katika vita vile. Mtu aliyekuwa kizuizini aliyajua hayo kwa vipande vipande tu, kwa barua zilizokaguliwa na kwa minong'ono. Kila usiku alilala asijue nani kwao yu hai na nani amekwisha tangulia.

MANDA

Kituo cha kwanza kilikuwa Kajiado. Kisha Gakaara na wenzake wakateremshwa pwani, wakafikishwa Lamu, na mwishoni Manda. Kuwaleta watu wa bara pwani kuwafunga hakukuwa jambo la bahati nasibu. Mkoloni alikuwa amefanya hivyo tangu zamani. Mwaka 1922 Harry Thuku alipelekwa Kismayu. Katika miaka ya 1950 palikuwa na kambi Mackinnon Road, Manyani, Hola na Manda, zote upande huu wetu. Hesabu yake ilikuwa kwamba mtu wa mlimani akitiwa kwenye joto na ugeni, asiijue lugha ya upepo wala desturi ya bahari, atavunjika upesi.

Manda ilikuwa kambi ya wale walioonekana kuwa wagumu, watu wenye kusoma na wenye kusikilizwa. Ramogi Achieng Oneko, Mjaluo aliyeshtakiwa pamoja na Kenyatta huko Kapenguria, naye aliwekwa huko baada ya kushinda rufaa yake. Fikiri, msomaji: mahakama imekwisha mwachilia mtu, na serikali inamchukua inamtupa kisiwani. Hawa hawakuwa na tarehe ya kutoka. Aliyehukumiwa miaka mitano huhesabu siku zake, lakini mfungwa wa kizuizini hana cha kuhesabu.

Gakaara akapata cha kuhesabu. Alianza kuandika kwa siri kumbukumbu za kila siku. Aliandika walichokula, nani anaumwa, nani amehamishwa, wakubwa wa kambi wamesema nini, wafungwa wamegombana juu ya nini, barua gani imefika. Si maandishi ya kujisifu. Ni maandishi ya mtu anayekataa siku zake zipotee bure. Alijua kwamba karatasi zile zikionekana atapata adhabu, na bado aliandika. Sisi tuliozaliwa karibu na bahari tunajua kuwa nahodha aliyepotea njia huanza kwa kuandika alipo. Bila ya hivyo, hata akiiona nchi kavu hataweza kujua ni nchi ipi.

ATHI RIVER NA HOLA

Hapa ndipo pagumu katika hadithi ya Gakaara, nami sitapapita kwa kuruka. Kutoka Manda alihamishiwa kambi ya Athi River, ambako serikali ilikuwa ikijaribu kuwageuza wafungwa mawazo. Walihubiriwa, wakasomeshwa, wakabembelezwa na kutishwa, na shabaha ilikuwa moja, mtu aungame kiapo chake na auache upande wake. Njia ya kurudi nyumbani ilipitia katika kuungama.

Baada ya miaka ya kukataa, Gakaara alikubali. Aliungama, akashirikiana na wakubwa wa kambi, na kalamu yake ikatumika katika kazi ya kambi, hata kutunga mchezo wa kuigiza uliochezwa na wafungwa. Wapo waliomwona kuwa amelegea, kwani palikuwa na wengine waliokataa hadi mwisho na wakalipa kwa miili yao. Wapo waliosema kuwa mtu aliyetengwa na mkewe na watoto kwa miaka, akisikia nyumba zinachomwa, hahukumiwi na aliyelala kwake. Mimi sina mizani ya kumpimia. Ninachokijua ni kwamba alipokuja kukitoa kitabu chake miaka mingi baadaye, akiwa mtu huru na mwenye heshima, sehemu hiyo hakuikata. Angeweza kuificha, kwa kuwa karatasi zilikuwa zake. Alimwachia msomaji aione Athi River kama alivyoiona Manda.

Kutoka hapo alipelekwa Hola, kando ya mto Tana. Hola ilikuwa na sehemu mbili. Katika ile ya wazi wafungwa waliolegezewa walilima mashamba ya kumwagilia maji, na waliweza kukaa na jamaa zao. Katika ile ya kufungwa waliwekwa waliokataa katakata. Tarehe 3 Machi 1959 askari wa kambi iliyofungwa waliwapiga wafungwa waliokataa kufanya kazi, na watu 11 wakafa. Mwanzo serikali ilidai kwamba vifo vilitokana na maji waliyoyakunywa. Uongo huo haukudumu. Habari zikafika Bunge la Uingereza, na kambi zile zikapoteza hata wale waliokuwa wakizitetea. Hola iko katika ardhi yetu ya pwani. Damu ile ilimwagika kwetu.

KURUDI NA KUANZA TENA

Kutoka kizuizini ni jambo moja, na kurudi kwenye maisha ni jambo lingine. Waliorudi Nyeri hawakuikuta Nyeri waliyoiacha. Mashamba yalikuwa yamepimwa na kugawanywa upya wakati wenyewe wako kambini, na wengi walikuta mipaka imehama. Jirani alikuwa amepigana na jirani, ndugu na ndugu, huyu msituni na huyu katika jeshi la walinzi wa serikali. Watu hao sasa walikutana sokoni na kanisani, na ilibidi wasalimiane. Hakuna hakimu aliyeweza kuyamaliza mambo yale.

Gakaara alikuwa na mkewe, Shifra Wairire, watoto wa kulea, na ujuzi mmoja tu. Akaurudia. Alianzisha tena shughuli ya kutoa vitabu, ambayo baadaye ilitulia Karatina, mji wa soko ulio katika njia ya reli iendayo Nanyuki. Karatina inajulikana kwa soko lake, kwa viazi, kabichi na maharagwe. Katika mji huo wa mboga, mtu huyu akaweka mtambo wa kupiga chapa. Alitoa gazeti la Gikuyu na Mumbi, akatunga hadithi za Kiwai wa Nduuta zilizofuatana toleo baada ya toleo hata wasomaji wakamjua Kiwai kama jirani yao. Aliandika pia vitabu vya kuwafundisha watu kuiandika lugha yao sawasawa. Alikuwa mtunzi, mhariri, mpiga chapa na muuzaji, yote kwa pamoja. Wenzake wa skuli wengine walikuwa wamekuwa wakubwa serikalini. Yeye alishughulika na herufi na wino.

Kazi hiyo haikumtajirisha. Serikali mpya ilikuwa na hamu ya watoto wajue Kiingereza, na wachapishaji wakubwa walikimbilia vitabu vya mitihani. Mwandishi wa lugha ya mama alibaki na wasomaji wa shilingi zao chache. Lakini Gakaara hakufunga mlango. Yaelekea aliona kwamba watu waliopoteza mashamba, nyumba na jamaa wasipoteze na maneno ya kuyasimulia hayo.

KITABU CHA MANDA

Karatasi za kizuizini zilikaa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuwa kitabu. Mwaka 1983 kilitolewa kwa Kikuyu kwa jina la Mwandiki wa Mau Mau Ithaamirio-ini, maana yake mwandishi wa Mau Mau kizuizini, na mwaka 1988 tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata. Mwaka 1984 kitabu hicho kilipata Tuzo ya Noma, iliyoanzishwa na mchapishaji wa Kijapani Shoichi Noma kwa ajili ya vitabu vinavyochapishwa Afrika. Gakaara aliipata pamoja na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Kitabu kilichoanza kwa siri katika kambi, kwa lugha ambayo wageni wengi hawaijui, kilikuwa kimefika mbele ya waamuzi wa dunia.

Msomaji wa pwani hapa atamkumbuka Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Yeye naye aliandika karatasi ya siasa mwaka 1968, akafungwa, akatunga mashairi kwa siri gerezani, na yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, yakapata tuzo. Mmoja ni wa mlimani na mwingine wa baharini. Mmoja alifungwa na mkoloni, na mwingine na serikali ya uhuru. Lakini tukiwaweka pamoja tunaona kwamba nchi hii ina desturi ya kuwafunga watunzi wake na baadaye kuwapa zawadi kwa yale waliyoyaandika walipokuwa wamefungwa.

Gakaara aliaga dunia mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 80 hivi. Zingatia mwaka huo. Marufuku iliyowekwa na mkoloni juu ya Mau Mau mwaka 1950 haikuondolewa mpaka 2003. Kwa hiyo mtu huyu alikwenda kaburini wakati neno lililoandikwa juu ya jalada la kitabu chake lilikuwa bado ni jina la chama haramu katika sheria za Kenya huru. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa wahanga 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Gakaara hakuwahi kuyaona hayo. Wengi wa wenzake wa Manda pia hawakuyaona.

TUNACHODAIWA SISI

Karatasi za Gakaara zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Ni jambo la kushukuru, na pia ni jambo la kutia haya kidogo. Na sisi tusiwacheke watu wa Nyeri, kwani katika masanduku ya nyumba za Lamu, Pate na Mombasa mna tenzi na barua za mababu kwa hati za Kiarabu ambazo mchwa wanazisoma kuliko sisi.

Yaliyompata Gakaara yamewapata wengi. Waliopona katika vita vile walikuwa maelfu, na kila mmoja alijenga upya kwa alichokuwa nacho, huyu kwa jembe, huyu kwa duka, huyu kwa kunyamaza. Yeye alijenga kwa kusema yote, hata yale yasiyompendeza, na kwa kuirudia kazi ile ile iliyomtia kizuizini. Mtu akitaka kujua maisha hurudi vipi baada ya nakama, asome kitabu chake taratibu, siku baada ya siku kama kilivyoandikwa. Hatakuta muujiza humo. Atamkuta mtu anayeamka asubuhi katika kisiwa kisicho chake, na kutafuta penseli yake.

Basi tutakapowavusha watoto wetu kwenda Manda, tuwaonyeshe msikiti wa Takwa na kaburi lake la mnara, tuwasomee Fatiha waliozikwa hapo. Kisha tuwakalishe chini kivulini na tuwasimulie habari ya mgeni aliyeletwa kisiwani kwetu bila hiari yake, nasi tukawa jirani zake tusiomjua.